Umeona muvi zote, lakini kura huna: Shabiki wa Gusii na msimu wa tuzo

Duka lenyewe unalijua hata nisipolitaja jina. Liko karibu na steji, limebanwa kati ya kinyozi na wakala wa M-Pesa. Ndani kuna kompyuta moja yenye feni inayopiga kelele, waya zinaning'inia kila upande, na ukutani kuna picha za filamu zilizopigwa na jua mpaka zikapoteza rangi. Nje mvua ya alasiri ya Kisii imeanza, ile ambayo haikosi, kwa hivyo hakuna anayeondoka. Ulikuja kuwekewa muvi mbili kwenye flashi. Sasa saa nzima imepita na bado uko kwenye benchi, unabishana ni nani atachukua Oscar mwaka huu na ni nani ameibiwa.

Iwe ni Daraja Mbili, Suneka, Keroka au Nyamira mjini, mabishano ni yale yale. Mmoja anasema huyu lazima achukue. Mwingine anacheka, anasema huyo hata kuteuliwa hakustahili. Wa tatu anataja mwigizaji ambaye hakuna anayemkumbuka, aliyetokea dakika kumi tu, na ghafla kila mtu anasema, "Eh, kweli, huyo alituliza roho!"

Hilo jina la tatu ndilo ninalotaka tulizungumzie leo, msomaji wangu. Yule aliyeigiza vizuri kisha akasahaulika. Kwa nini husahaulika? Na ni nani hasa huamua?

Msimu wenyewe ukoje

Tuanze na hesabu ya kalenda. Msimu wa tuzo huanza kupata joto mwishoni mwa mwaka, wakati vyama vya wahakiki vinapotoa majina yao. Golden Globes huja Januari. Hufuata tuzo za chama cha waigizaji cha Marekani na BAFTA za Uingereza, kisha Oscar huwa karibu na mwisho wa foleni, kwa kawaida Machi. Ukitaka kuitazama moja kwa moja kutoka hapa Kenya, jiandae kukesha, kwa sababu sherehe huanza saa nane au saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Asubuhi unaenda darasani au kazini macho mekundu, na hakuna wa kumlaumu.

Wanaopiga kura za Oscar ni wanachama wa Akademia ya filamu ya Marekani, zaidi ya watu 10,000 wanaofanya kazi ndani ya tasnia hiyo. Katika hatua ya uteuzi, waigizaji huwateua waigizaji wenzao, wakurugenzi huwateua wakurugenzi, na kadhalika. Kila kitengo cha uigizaji hubaki na majina matano. Baadaye wanachama wote huchagua mshindi.

Sasa sikiza hii. Kwa miaka mingi mwanachama aliweza kupiga kura ya mwisho bila kuthibitisha kwamba ameona filamu zote zinazoshindana. Ni Aprili 2025 ndipo Akademia ilitangaza kwamba kuanzia tuzo za 2026, mtu atapiga kura katika kitengo ikiwa tu ameona filamu zote zilizoteuliwa humo. Soma tena sentensi hiyo ukiwa umekaa pale kwenye benchi. Wewe wa Nyansiongo, unayeomba simu ya dada yako ili umalizie kutazama, huenda miaka fulani uliona filamu nyingi kuliko mtu mwenye kura.

Lakini wewe huna kura, naye anayo.

Kesi ya jirani yetu

Hakuna shabiki wa huku kwetu asiyejua habari ya Lupita Nyong'o. Machi 2014 alipanda jukwaani kuchukua Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa filamu 12 Years a Slave, na hotuba yake kuhusu ndoto kuwa halali popote utokapo ikabandikwa kwenye kuta za mabweni nchi nzima. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, ni gavana wa Kisumu. Kwa hesabu ya matatu huyo ni jirani yetu kabisa.

Ila ukiniuliza mimi, kazi yake kubwa zaidi si ile iliyompa Oscar. Ni Us, filamu ya kutisha ya Jordan Peele iliyotoka Machi 2019. Humo Lupita anaigiza watu wawili: Adelaide, mama aliyeenda likizo na familia yake, na Red, mwanamke anayefanana naye kama pacha aliyetoka kusikojulikana. Sauti ya Red inatoka kama ya mtu aliyekabwa koo miaka mingi. Mwendo wake, shingo yake, jinsi anavyokodoa macho, vyote ni vya mtu mwingine. Na bado, zile scene ambazo hao wawili wanatazamana, unasahau kwamba ni mwigizaji mmoja.

Wahakiki wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Chama cha waigizaji kikamteua. Kisha Januari 13, 2020, majina ya Oscar yakasomwa: Cynthia Erivo, Scarlett Johansson, Saoirse Ronan, Charlize Theron na Renée Zellweger, ambaye baadaye alishinda. Lupita hakuwemo.

Je, hao watano hawakustahili? Hapana, si hoja hiyo. Erivo peke yake angekutoa machozi. Hoja ni kwamba kuna sababu zinazojirudia kila mwaka, na shabiki akizijua, hawezi tena kushangaa. Anaanza kutabiri.

Mambo manne yanayowameza waigizaji wazuri

La kwanza ni kalenda. Us ilitoka Machi, uteuzi ukafanyika Januari. Hiyo ni miezi kumi. Filamu zinazowinda tuzo hutolewa kuanzia Septemba hadi Desemba ili zibaki kichwani. Ni kama ule mchezo wa shule ulioigizwa muhula wa kwanza. Kufikia siku ya zawadi mwezi wa Novemba, walimu wanamkumbuka aliyesoma shairi wiki iliyopita.

La pili ni aina ya filamu. Wapiga kura hawapendi kutishwa, na hawapendi sana kuchekeshwa pia. Kweli, Anthony Hopkins na Jodie Foster walishinda kwa The Silence of the Lambs, na Kathy Bates alishinda kwa Misery. Lakini hao ni wachache. Toni Collette wa Hereditary, filamu ya 2018, alipita bila kuteuliwa, na mpaka leo mashabiki wanalilia jina lake.

Na filamu za vita na mateke ndizo usiseme. Wewe na mimi tulilelewa na nini? Kibanda cha video, viti vya mbao, Commando, Rambo, Jet Li, Jackie Chan. Ni Jackie Chan huyo aliyevunjika mifupa mbele ya kamera ili sisi tupige makofi. Akademia ilimpa Oscar ya heshima mwaka 2016, baada ya miongo ya kazi, na haikuwa ya filamu moja aliyoshindania. Hata wale wanaorushwa kupitia vioo na kuangushwa kutoka ghorofani, wanaofanya steringi aonekane mkali, hawakuwa na kitengo chao. Sasa Akademia imekubali: kitengo cha michezo ya hatari kitaanza na filamu za 2027, na tuzo ya kwanza itatolewa 2028. Kibanda cha video kilijua jambo hilo kitambo.

La tatu ni kampeni. Kushindania Oscar ni kama kushindania kiti cha ubunge. Kuna mabango, karamu, mahojiano, maonyesho maalum ya filamu kwa wapiga kura, na pesa nyingi. Januari 2023 dunia ilishangaa jina la Andrea Riseborough liliposomwa, kwa filamu To Leslie ambayo hata dola 30,000 haikuwa imefikisha kwenye kumbi. Pesa za mabango hazikuwepo, ila marafiki mashuhuri wa Hollywood waliisifu filamu hiyo kwa wenzao mpaka kura zikatosha. Akademia ikaichunguza kampeni hiyo, kisha ikaacha uteuzi usimame. Mwaka huo huo Danielle Deadwyler, aliyeigiza mama aliyeuawa mwanawe katika Till, aliachwa nje, na Viola Davis wa The Woman King pia. Riseborough aliigiza vizuri, hilo tusimnyime. Swali ni hili: mwenye kipaji asiye na marafiki wenye namba za simu za wapiga kura afanye nini?

La nne ni deni. Mashabiki wazee watakuambia Denzel Washington alistahili kushinda kwa Malcolm X, mwaka 1993. Akashinda Al Pacino, ambaye mwenyewe alikuwa amesubiri miaka mingi. Denzel akaja kushinda kama mwigizaji mkuu mwaka 2002 kwa Training Day. Wengi husema Pacino alilipwa deni la zamani, na Denzel naye akalipwa la kwake baadaye. Sina ushahidi wa kilichokuwa kichwani mwa wapiga kura, lakini ukiitumia nadharia hiyo kutabiri, utapatia mara nyingi kuliko utakavyokosea.

Basi shika hayo manne: kalenda, aina, kampeni na deni. Ukirudi kwenye benchi utawashinda wote.

Geuza kamera huku kwetu

Sasa, bana, kuna jambo linanisumbua. Tunawalilia waliosahaulika na Hollywood. Je, sisi wenyewe tumewasahau wangapi?

Chukua Nairobi Half Life ya 2012, ya mkurugenzi David "Tosh" Gitonga. Mwas, kijana wa kijijini, anauza DVD za filamu za mapigano, na anapouza anaigiza kila mhusika ili mteja anunue. Ndoto yake ni kufika Nairobi awe mwigizaji. Huyo Mwas ni nani kama si yule kijana wa duka letu la karibu na steji? Joseph Wairimu, aliyemwigiza, alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo. Filamu hiyo ikawa ya kwanza Kenya kuwahi kuwasilisha kwa Oscar.

Lakini ukiwauliza watu walioitazama ni nani aliyewakaa kichwani, wengi watakuambia ni Oti, kiongozi wa genge. Aliigizwa na Olwenya Maina. Hakupiga kelele. Alikuwa na utulivu wa mtu ambaye anaweza kukuua kisha akakununulia chai. Olwenya alifariki mwaka 2022. Siku ile mitandao ilijaa picha zake na maneno matamu. Miaka kumi kabla ya hapo, ni wangapi kati yetu tuliandika hata sentensi moja kumsifu?

Chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Msichana mgonjwa asiyekuwa na muda mrefu wa kuishi anataka kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu. Stycie Waweru, mtoto aliyeigiza Jo, alisifiwa, na ni haki yake. Mimi kura yangu ningempa Marrianne Nungo, aliyeigiza mama. Kazi yake yote ni kuzuia kilio. Kulia mbele ya kamera ni kugumu, lakini kuzuia kilio mpaka mtazamaji alie kwa niaba yako ni kugumu zaidi.

Rudi nyuma kidogo. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, yule wa KBC, unamkumbuka? Kama humkumbuki, muulize mzazi wako. Ndevu, kofia na lafudhi ya Kijaluo iliyomfanya kila mtu aamini ni mzee wa kutoka ziwani. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Miaka yote hiyo aliigiza lugha ya watu wengine kwa ufasaha hadi wenyewe wakamkubali kama wao. Alifariki Julai 2015. Mwigizaji wa Marekani akibadilisha lafudhi, anatajwa kwenye orodha za tuzo. Ojwang' tulimwita mchekeshaji, tukacheka, tukazima runinga.

Na mwana wa Gusii je? Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Walter Mong'are, maarufu kama Nyambane, pamoja na John Kiarie na Tony Njuguna, walikuwa Redykyulass. Nyambane alimwigiza Rais Moi wakati Moi mwenyewe alikuwa bado Ikulu. Fikiria hilo. Watu walikuwa wamezoea kupunguza sauti wakitaja jina la Rais, halafu kijana wa Kisii anasimama kwenye runinga na sauti ile ile nzito na mkono ule ule. Kama huo si uigizaji mkubwa, basi mimi sijui uigizaji ni nini. Sisi wa Gusii tungestahili kuutaja kila tunapobishana kuhusu waliosahaulika.

Ongeza na DJ Afro. Usicheke. Mtu anachukua filamu ya Kichina au ya Kimarekani, anaisimulia upya, anawapa wahusika majina ya mtaani, anaongeza vichekesho, na wewe unaitazama mara tatu ingawa ya asili ulishaiona. Hiyo ni sauti inayoigiza. Hakuna kitengo cha tuzo chenye nafasi yake, lakini nenda kibanda chochote kutoka Ogembo hadi Ekerenyo uulize ni nani aliyewafundisha watu kupenda filamu.

Lugha ya nyumbani si kikwazo

Sasa nikuambie kitu ambacho vijana wengi hawajui. Kitengo cha Oscar cha filamu ya kimataifa kina sharti moja kubwa: zaidi ya nusu ya mazungumzo lazima yawe katika lugha isiyo Kiingereza. Mwaka 2019 Nigeria iliwasilisha Lionheart ya Genevieve Nnaji, filamu nzuri tu. Akademia ikaiondoa kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa Kiingereza, na Kiigbo kilikuwa cha takribani dakika 11.

Umeelewa maana yake? Kile tulichoambiwa shuleni kinaturudisha nyuma, hata kuna waliovalishwa kibao shingoni kwa kukizungumza, kwenye kitengo hiki ndicho tiketi. Filamu ya Ekegusii mwanzo hadi mwisho, yenye maandishi ya tafsiri chini ya skrini, inakidhi sharti la lugha bila shida yoyote.

Na utamu uliomo! Kwetu mtoto anaposema "baba" anamwita mama yake, na "tata" ndiye mzazi wa kiume. Fikiria scene ya kijana wa Gusii aliyepatwa na ajali Nairobi, anaita "baba, baba", na wauguzi wanampigia simu baba mtu. Ukitaka kuchekesha, umepata. Ukitaka kuliza watu, umepata pia. Mwandishi wa Hollywood hawezi kuliwaza hilo hata umlipe.

Tangu Nairobi Half Life, Kenya imewasilisha pia Kati Kati, Supa Modo, Subira, The Letter, Mission to Rescue, TeraStorm, Mvera na Nawi. Mpaka sasa hakuna iliyoteuliwa katika kitengo hicho. Tuliyokaribia sana ni Watu Wote, filamu fupi kuhusu abiria wa basi lililoshambuliwa Mandera, iliyoteuliwa Oscar mwaka 2018. Hiyo ilitengenezwa na wanafunzi wa Hamburg, Ujerumani, pamoja na waigizaji na wahudumu wa hapa Kenya.

Tazama Nawi, iliyowasilishwa 2024. Ni hadithi ya msichana wa Turkana anayefaulu mtihani vizuri sana, lakini baba anataka kumwoza. Michelle Lemuya Ikeny, aliyemwigiza, alikuwa mwanafunzi tu wa huko huko Turkana. Akashinda tuzo ya mwigizaji chipukizi katika AMAA, tuzo za filamu za Afrika. Turkana ni mbali na Nairobi kuliko Kisii. Kamera ilimfuata kule.

Aliye karibu nawe

Hapa ndipo ninapokutaka utulie kidogo.

Kila mwaka wanafunzi wa Kisii na Nyamira hupanda jukwaa la tamasha la drama na filamu. Wanaanza kaunti ndogo, wanaenda kaunti, kisha kanda ya Nyanza ambako wanakutana na Migori, Homa Bay, Kisumu na Siaya. Wachache hufika kitaifa, na washindi huigiza mbele ya Rais. Kama ulisoma Cardinal Otunga, Nyabururu, Sironga au shule yoyote ya kutwa ambayo haina hata pazia la jukwaa, unamkumbuka mtu. Yule aliyeigiza mzee mlevi mpaka mwalimu mkuu akacheka hadi akafuta macho. Yule msichana aliyenyamaza jukwaani sekunde kumi, na ukumbi mzima ukanyamaza naye.

Yuko wapi leo? Huenda anaendesha bodaboda Keroka. Huenda anachuma majani chai Kebirigo, au anachonga mawe Tabaka, au amemaliza diploma na anatafuta kazi. Kazi hizo ni za heshima. Lakini baada ya cheti kile cha mwigizaji bora wa kanda, hakuna aliyempigia simu. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na majaribio ya kuchagua waigizaji hufanyika huko. Nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, kisha unaambiwa "tutakupigia". Ukienda mara tatu, nyumbani wanaanza kukuuliza kama hauna kazi ya kufanya.

Aprili 2025 nchi nzima ilizungumza kuhusu mchezo wa wasichana wa Butere, Echoes of War. Tulibishana kuhusu siasa, mahakama na vitoa machozi. Ni wachache waliouliza: hao wasichana walikuwa wanaigiza vipi? Tuliwageuza habari, tukasahau kwamba ni waigizaji.

Kwa hivyo, orodha yako

Simaanishi uache kubishana kuhusu Oscar. Bishana sana. Lakini wakati huu usiishie benchi. Chukua kalamu au simu, andika orodha yako ya mwaka, na ufuate kanuni hizi tano.

Kwanza, usimtaje mtu ambaye hujaona filamu yake. Akademia ilichukua miaka karibu 100 kufika hapo. Wewe anza leo.

Pili, katika kila kitengo weka nafasi moja ya filamu iliyotoka kabla ya Juni. Hiyo ni dawa ya ugonjwa wa kalenda.

Tatu, weka nafasi moja ya kuchekesha, kutisha au kupigana. Ukimsifu Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, kwa jinsi alivyoiteka Superman ya 2025 akiwa Mister Terrific, usione haya.

Nne, weka angalau filamu moja ya Kenya, na uitazame mahali ambapo mwenyewe ananufaika, hata kama ni kwenye chaneli yake ya YouTube. Muvi ya Hollywood kwenye flashi haitamfilisi mtu wa Los Angeles usiku mmoja. Filamu ya Mkenya ikizunguka kwa flashi kutoka Nyanchwa hadi Manga, aliyeigiza humo halipwi ng'o, na filamu ya pili haitengenezwi. Mwenye duka atanuna nikisema hivi, lakini yeye pia anajua.

Tano, nafasi ya mwisho ni ya mtu unayemjua. Mwandike jina. Mtumie ujumbe umwambie ni scene gani alikufurahisha, hata kama imepita miaka sita.

Na kuhusu kura, si kweli kabisa kwamba huna. Tuzo za Kalasha, zinazoandaliwa na Tume ya Filamu ya Kenya tangu 2009, huwa na jopo la majaji na pia sehemu ya kura za umma. Kuna kitengo cha filamu za lugha za hapa nchini. Lakini filamu haiingii yenyewe. Ni lazima aliyeitengeneza aiwasilishe. Ukiona orodha ya wawaniaji haina Ekegusii, kabla ya kulalamika uliza kama kuna aliyepeleka. Mwenzako mmoja ana simu yenye kamera nzuri, mwingine anajua kuhariri, wa tatu anaandika, na yule aliyenyamazisha ukumbi kwa sekunde kumi bado yupo, hajasahau jinsi ya kunyamaza.

Mvua imekatika sasa. Flashi yako iko tayari, mwenye duka anataka pesa yake. Kabla hujaondoka, jibu swali moja mbele ya hao wote waliobaki kwenye benchi: mwigizaji bora uliyewahi kumwona kwa macho yako, ana kwa ana, ni nani?

Taja jina. Kama yuko karibu, mwiteni.